Wanaochota Kijito Kimoja

Neno rival nilifundishwa nikiwa kidato cha pili, katika shule ya bweni pale Lindi, darasa lisilo na vioo madirishani, upepo wa baharini ukiingia na kuturudishia vumbi la chaki usoni. Mwalimu wa Kiingereza alisema maana yake ni mpinzani, mshindani, akatoa mfano wa timu mbili kubwa za mpira za Dar es Salaam. Wavulana wakapiga madawati. Kisha akataka kila mmoja atunge sentensi. Mimi niliandika kwamba mama yangu anaye mmoja, na nyumba yake inatazamana na yetu. Mwalimu akasoma, akaweka alama ya vema, akaenda dawati la pili. Hakuuliza kitu.

Kwetu ni kijiji cha ndani kidogo ukitoka Kiranjeranje, watu wa ufuta, muhogo na korosho. Baba alikuwa na wake wawili. Mkubwa ni mama yangu. Mdogo alikuja mimi nikiwa naota meno ya pili, na sisi watoto tuliambiwa tumwite mama mdogo. Nyumba mbili, uwanja mmoja, mkorosho katikati. Mama mdogo hakujaliwa mtoto. Mama akienda shamba, mama mdogo alituita na kutupa muhogo wa kuchoma, akitufuta majivu midomoni kwa upindo wa kanga kabla hatujarudi upande wa pili, ili tusiulizwe.

Walichogombea hawakukisema kamwe kwa jina. Wao waligombea maji.

Kiangazi kijito chetu hukauka juu, ukadhani kimekufa, lakini chini ya mchanga maji yapo. Kila mwanamke huwa na shimo lake pale mtoni. Analichimba kwa mikono na kifuu, mpaka mchanga ubadilike rangi, halafu anakaa kando kusubiri maji yajikusanye, anachota kata kwa kata mpaka ndoo ijae. Akimaliza analifunika kwa matawi ya miiba, mbuzi na nguruwe pori wasilivuruge. Shimo la mtu haliguswi. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini sijawahi kuona mwanamke akichota shimo la mwenzake bila kuomba.

Tatizo ni kwamba mashimo mawili yakikaribiana hunyonyana. Mmoja akichimba chini zaidi, maji ya mwenzake yanahamia kwake. Na baba, kwa akili yake ya kiume, ndiye aliyemwonyesha mke mpya mahali pa kuchimba, hatua chache tu chini ya shimo la mama, eti hapo mchanga ni laini. Mama akaamka na kukuta shimo lake lina tope. Akachimba zaidi. Kesho yake mama mdogo akachimba zaidi. Kufikia mwisho wa kiangazi walikuwa wanaingia wenyewe ndani ya mashimo, ukimwona mmoja mabega tu na mwingine kilemba tu, kila mmoja akitupa mchanga juu kama fuko, na hakuna anayemtazama mwenzake. Wanawake wengine walikuwa wakisema wale wawili watatokea upande wa pili wa dunia.

Asubuhi moja mama akakuta shimo lake limefukiwa. Halikubomoka lenyewe. Mchanga umerudishwa wote na miiba imetupwa mbali. Nilikuwepo, nimeshika ndoo ndogo. Mama akageukia shimo la pili.

"We mwanamke! Hebu toka humo."

Mama mdogo akainua kichwa kutoka shimoni kwake. "Dada, kuna nini?"

"Usiniite dada. Nani kafukia kisima changu?"

"Wallahi sijui. Labda nguruwe."

"Nguruwe? Nguruwe ana mikono ya kutupa miiba? Nguruwe anayevaa kanga huyo!"

Wanawake wakacheka. Mama mdogo akalia. Aliapa tena, na tena. Baba alipoelezwa jioni naye alicheka, akasema maji ni ya Mungu, wachimbe upya wote wawili, akaomba chakula. Nadhani kicheko kile kilimuuma mama kuliko mchanga. Tangu siku hiyo hakumsemesha mwenzake tena.

Baba alipofariki, walikalishwa eda chumba kimoja, ndugu wakidhani msiba utawapatanisha. Walikaa vile miezi yote ya eda, magoti yakikaribia kugusana, na mama akipitisha maneno kwa yeyote aliyeingia. "Mwambieni huyo asogee, jua limenifikia." Huyo alikuwa anasikia, na alisogea.

Mimi miguu yangu haikujua kutulia. Kidato cha nne nilimaliza, cha tano sikuitwa. Nilikwenda Songo Songo wakati wa ujenzi wa mitambo ya gesi, nikawapikia vibarua. Nikaolewa Kilwa Masoko, nikaachika. Nikauza pweza mkavu Lindi, nikaolewa tena, nikaondoka mwenyewe. Kila nilipofika nilikuta watu wema, na kila asubuhi ya tatu au ya nne nilianza kutazama barabara. Hata sasa nikipita stendi ya Nangurukuru, mabasi yakiwa yamewasha injini, moyo hunidunda kama wa msichana.

Ndivyo nilivyofika Songo Mnara, kuwapikia watu waliokuwa wakifukua magofu. Mkubwa wao alikuwa mama wa Kizungu, mtu mzima, mwenye Kiswahili cha polepole kilichonyooka. Siku moja walisafisha kisima cha kale kilichokuwa kati ya nyumba mbili za mawe. Nikawapelekea chai. Nikachungulia ndani, nikasema bila kufikiri: "Hawa lazima waligombana."

Akacheka. "Kwa nini?"

"Kisima kimoja, wanawake wa nyumba mbili? Wee!"

Akaniambia nimesema jambo la zamani kuliko kisima chenyewe. Akakaa kwenye ukingo wa jiwe, akanieleza kwamba Warumi wa kale kijito walikiita rivus, na wale wanaochota kijito kimoja waliitwa rivales. Mwanzoni hawakuwa maadui. Walikuwa majirani wa maji tu. Lakini wanaogawana maji kiangazi hugombana, kwa hiyo ugomvi ukaingia ndani ya neno, ukakaa, na maji yakasahauliwa. Baadaye watu wakalitumia kwa wanaume wawili wanaompenda mwanamke mmoja, au kinyume chake. Kiingereza kikalichukua hivyo, likawa rival, likiwa limeshakauka.

Nilimuuliza kama neno river, mto, nalo limetoka huko. Akasema hapana, hilo limetoka kwenye neno la ukingo wa maji, pamoja na arrive, kwa sababu kufika kulikuwa ni kugusa ukingo. Nilisikia wivu kidogo kwa watu wale, kufika kwao kulikuwa na kitu cha kugusa.

Usiku huo, na siku nyingi baadaye, niliwaona wale wawili mabega na kilemba, wakitupa mchanga. Shuleni nilikuwa nimeandika sentensi sahihi nisiyoijua. Nikawaza pia sisi tumewaita nini. Kiswahili hakikusema mpinzani. Kilisema mke mwenza, mwenzake, yule wa kuwa pamoja naye. Watu wa mbali walianza na ujirani wakaishia kwenye ugomvi. Sisi tuliona ugomvi kila siku uwanjani, na bado tukaendelea kuuita uke wenza.

Mama alipougua niliitwa. Miguu ilikuwa imevimba, pumzi fupi. Hospitali walimhudumia, wakaturuhusu, na kwa namna daktari alivyoturuhusu tulielewa kwamba haponi. Nikatulia nyumbani kwa mara ya kwanza tangu usichana.

Bomba la kijiji, lililoletwa nilipokuwa mbali, lilikuwa limekufa, mashine imeungua, watu wamerudi mtoni kama zamani. Asubuhi ya kwanza nikasikia hodi. Mama mdogo alikuwa mlangoni, amezeeka, mwembamba, ndoo kichwani, maji safi ya mchangani.

"Hodi. Shikamoo dada."

Ndani kimya. Mama alikuwa macho, anatazama paa.

"Shikamoo dada."

Mimi ndiye niliyetoka, nikampa shikamoo yangu, akaitikia marahaba mwanangu, akatua ndoo kizingitini, akaondoka. Mama hakuyanywa maji yale. Alitaka nikachote mwenyewe, na nilikwenda, na ile ndoo nikaitumia kwa kupikia na kufua mashuka yake, bila kumwambia. Asubuhi iliyofuata hodi tena, shikamoo tena. Ikawa hivyo kila siku.

Siku moja akanishika mkono pale kizingitini. Mkono wake ulikuwa na baridi ya ndoo.

"Mwanangu, niombee kwake. Sitaki kitu kingine, nataka radhi tu. Asiondoke amenifunga."

Nilisubiri mama aamke vizuri, nikampakata kichwa, nikaanza kwa mbali. Nikamweleza lile neno, kijito, Warumi, wanaochota pamoja. Alisikiliza kwa makini kuliko nilivyotegemea.

"Kumbe na Warumi walikuwa na wake wenza," akasema.

"Hapana mama, ilikuwa majirani."

"Ndiyo hao hao. Na wako wapi sasa?"

"Wamekwisha zamani."

"Maji waliyagawana?"

"Sijui mama."

"Basi hata wao hawakuweza." Akapumua. "Mwenza! Jina hili katunga mwanamume, nakuambia. Angelitunga mwanamke tungesikia neno lingine."

Tukacheka wote wawili, akakohoa, nikamnyanyua. Kisha nikamwambia ombi la mama mdogo.

"Nitampa," akasema. "Lakini kwanza aseme. Aje hapa aseme, dada, kisima chako nilifukia mimi. Basi. Sitaki zaidi. Akisema hilo, nampa radhi ya dunia na akhera. Nimeishi na watu wakinicheka nimegombana na nguruwe."

Nikauvuka uwanja. Mama mdogo alikuwa anapepeta ufuta. Nilipomfikishia, ungo ukasimama hewani.

"Lakini sikufukia."

"Najua unasema hivyo, mama mdogo."

"Sisemi hivyo. Sikufukia. Uchimbaji, ndiyo, nilichimba. Nilichimba nikijua namnyonya, na hilo nalitubia kila siku. Lakini kumfukia, hapana. Sasa niseme uongo ili nisamehewe? Na mimi naelekea huko huko. Nikiulizwa nitasema nini?"

Nikarudi na jibu hilo. Mama akageukia ukutani. Nilivuka uwanja ule mara nyingi mno siku zile, na jua, na vumbi, nikibeba maneno yale yale mawili, aseme na sikufukia. Nilimwambia mama, huenda kweli hakufukia. Akasema basi nani? Nilimwambia mama mdogo, si useme tu, mgonjwa huyu. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeomba kisu.

Kwa nje mambo hayakubadilika. Hodi iliendelea. Shikamoo dada iliendelea. Mara moja, siku za mwisho, niliona midomo ya mama ikicheza baada ya shikamoo ile, nikasogeza sikio. Alikuwa anaomba maji. Nikampa yale niliyochota mimi.

Alikufa adhuhuri, mkono wake ndani ya wangu, bila maumivu makubwa. Siku mbili kabla alikuwa ameacha wasia mbele ya shangazi zangu, dada zake baba, na mbele yangu. "Huyo asinioshe."

Bomba bado lilikuwa halitoi. Mauti yakitokea, maji hutakiwa haraka na mengi. Waliotumwa mtoni wakachelewa, na kabla hawajarudi mama mdogo alikuwa ameshajipanga uani na ndoo zake, kila chombo cha nyumba yake kimejaa, mpaka sufuria ya kupikia. Sijui alichota saa ngapi. Shangazi mkubwa akatoka mlangoni.

"Maji tunachukua," akasema. "Wewe baki nje. Ndivyo alivyosema."

"Nimesikia, wifi."

Akakaa chini nje ya ukuta wa makuti, mgongo umeegemea pale pale tulipokuwa tunaoshea. Mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa nikimimina kama nilivyoelekezwa, upande wa kulia kwanza, na maji yalikuwa ya baridi na safi, na kila nilipomimina nilisikia nje pumzi ya mtu ikivutwa. Nilitamani maji yasipige kelele. Yule mwanamke aliyekataa kata moja ya maji ya mwenzake alipokuwa na kiu, sasa alikuwa anaoshwa nayo yote, kichwa mpaka kidole, naye hana la kusema. Nilifikiri, hawa hatimaye wamechota pamoja. Halafu nikaona aibu kwa wazo hilo, kwa sababu mmoja wao hakuwa ameulizwa.

Siku ya tatu baada ya hitima, watani wakaja. Kwa watu wa mbali wasiojua: kwetu kuna jamaa ambao wana haki ya kututania hata msibani, hasa msibani. Hununi. Wao hudai kuku, hulala mlangoni ukawaruka, humwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke na machozi yakiwa bado mashavuni. Aliyewaongoza siku hiyo alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti. Nguo za mama zilikuwa zimetolewa nje kugawiwa. Akachukua kanga yake ya siku zote, akajifunga kilemba kama mama alivyojifunga, akashika kifuu, akapiga magoti katikati ya uwanja na kuanza kuchimba ardhi kavu.

Watu wakapiga vigelegele. Alikuwa ni mama mtupu. Hata namna ya kukoroma pua.

"Yuko wapi yule fuko mwenzangu?" akaita. "Toka humo! Nani kafukia kisima changu?"

"Nguruwe!" wakaitikia wanawake, wote kwa pamoja.

"Nguruwe gani huyo anavaa kanga? Haya, leo nimekuachia. Kisima chote chako, chimba mpaka Uchina. Na bwana nimemfuata mimi kwanza, wewe baki na ndoo!"

Shangazi walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilicheka. Nikamtafuta mama mdogo kwa macho nikamwona naye anacheka, kiganja mdomoni. Kisha akainuka. Akapita kati ya watu, akafika pale kwa mtani, akapiga magoti mbele ya ile kanga.

"Ni mimi, dada," akasema. "Kisima nilifukia mimi. Nipe radhi."

Kicheko kilikatika kipande kipande, waliokuwa nyuma wakawa wa mwisho kunyamaza. Mtani alibaki na kifuu mkononi. Kazi yake ni kujibu, sijapata kumwona mtani akikosa jibu. Alimtazama, akatutazama sisi, kama anayeomba mtu amtoe.

"Dada, nimesema. Ulitaka niseme. Nipe radhi."

Mtani akafungua kilemba taratibu. Akaikunja ile kanga, akaiweka mapajani.

"Mama," akasema, kwa sauti yake mwenyewe sasa, ya chini, "mimi siye. Utani naweza. Hilo siwezi."

Shangazi mkubwa ndiye aliyekwenda kumwinua. Watu wakatafuta shughuli, wengine masufuria, wengine majamvi. Mtani hakudai kuku wala chochote. Aliondoka akiwa ameinamisha kichwa.

Nilimsindikiza mama mdogo kwake, ule uwanja niliouvuka mara nyingi. Alitembea ameshika kiwiko changu. Mlangoni kwake akakaa, akanyoosha miguu.

"Sikufukia," akasema.

"Sasa kwa nini ulisema?"

"Niliiona kanga. Nikasahau." Akafikiri. "Sikusahau. Nilijua ni yule mtani. Lakini nikaona hii ndiyo mara ya mwisho kanga hiyo itakaa juu ya kichwa cha mtu hapa uwanjani. Nikasema ngoja."

Nimetembea pwani hii yote, nimeokota maneno ya kila aina, ya Kiingereza na ya kwetu, pale mlangoni sikupata hata moja la kumpa. Kumwambia mama amempa radhi nisingeweza, angeona ni uongo. Kumwambia hakumpa, hilo alikuwa analijua.

"Wewe umesoma," akasema. "Huko alikokwenda watu huelezwa ukweli wote, sivyo?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Basi ameshajua kwamba sikumfukia."

"Ameshajua, mama mdogo."

Akatikisa kichwa, akaridhika kidogo. Kisha uso ukabadilika.

"Na leo amenisikia nikisema nimemfukia." Akanitazama. "Sasa atanishika kwa lipi?"

Akangoja. Kisha akajisukuma kwa mikono miwili, akasimama, akaingia ndani kutafuta chumvi, maana shangazi walikuwa wanaita kutoka upande wa pili kwamba mchuzi wa wageni haujakolea.